Ufunguo wa Kusadikika: Historia ya Maoni ya Wasomaji juu ya Riwaya za Dunia Nyingine, Yakitazamwa kutoka Songwe

Utangulizi

Tangu Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1990 na Mzingile kuifuata mwaka 1991, zote kwa mkono wa Dar es Salaam University Press, neno moja limeandamana nazo: ngumu. Wanafunzi hulisema kwa kulalamika, walimu hulisema kwa kujitetea, na wahakiki wamelivisha istilahi. Makala hii inachunguza historia ya neno hilo. Haikusudii kuamua kama riwaya hizo ni ngumu au nyepesi. Inauliza ni nani aliyetoa hukumu hiyo, alikuwa amesoma nini kabla ya kuitoa, na ni maoni ya msomaji yupi yaliyopata bahati ya kuandikwa.

Hans Robert Jauss alitufundisha kwamba kila msomaji hukiendea kitabu akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na vitabu vingine. Kwa fasihi ya Kiswahili kauli hiyo inahitaji nyongeza moja: upeo huo hujengwa pia na masimulizi ambayo hayakuwa kitabu kamwe, na hujengwa na shule, ambayo kwa Watanzania wengi ndiyo mahali pa kwanza, na mara nyingi pa mwisho, pa kukutana na riwaya. Ndiyo maana tumeamua kuitazama historia hii kutoka Mkoa wa Songwe. Mkoa huo uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yake yakiwa Vwawa, ni mbali na pwani ilikozaliwa fasihi andishi ya Kiswahili. Aghalabu Kiswahili hapo ni lugha ya pili, ya shule, soko na ofisi, kando ya Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali na nyinginezo. Msomaji wa Songwe ni kipimo kizuri cha madai yanayotolewa kwa jina la "msomaji wa Kiswahili".

Hoja yetu ni kwamba kilichomsumbua msomaji huyo katika Nagona hakikuwa uchawi wala dunia sambamba, kwani vyote viwili alikuwa amevizoea. Kilichomsumbua ni kunyang'anywa ufunguo.

Nchi iliyo angani

Riwaya ya kifantasia haikuingia katika Kiswahili mwaka 1990. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa na Nelson mwaka 1951, inasimulia habari za nchi inayoelea angani. Karama, aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini. Kila mjumbe alivuka mpaka wa dunia yake, akaona namna nyingine ya kuishi, akarudi na mapendekezo, akatupwa gerezani. Mwaka uliofuata ikatoka Adili na Nduguze kwa Macmillan. Humo mna majini, mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda. Wahakiki wameonyesha kwamba kisa hicho kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu hao waligeuzwa mbwa.

Wasomaji waliyapokeaje maajabu haya? Kumbukumbu za uhakiki zinaonyesha kwamba hayakumshangaza mtu. Mjadala juu ya Adili ulihusu uasilia wa kisa na uzito wa maadili yake. Hakuna aliyesimama kuuliza jini Huria ametoka wapi. Juu ya Kusadikika mjadala ulikuwa mkali zaidi, nao ulikwenda moja kwa moja kwenye siasa. Nchi ya angani ikafasiriwa kuwa Tanganyika chini ya Waingereza, Majivuno akawa utawala, Karama akawa mzalendo anayedai haki kwa hoja. Katika miaka ya 1970, pale Umarx ulipotawala uhakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lawama dhidi ya Shaaban Robert zilikuwa kwamba aliamini watawala wanaweza kubadilishwa kwa hotuba. Lawama hizo zinaweza kukubaliwa au kukataliwa. Linalotuhusu ni kwamba zinatokana na usomaji uleule: dunia nyingine ni fumbo, na kazi ya msomaji ni kulifumbua na kurudi haraka katika dunia hii.

Majina yenyewe yalisaidia. Mtu anayeitwa Majivuno, Hasidi au Utubusara haachi nafasi kubwa ya kukisia. Mwandishi aliuacha ufunguo mlangoni.

Shule ikauchukua ufunguo huo na kuufanya kuwa mtihani. Utaratibu wa kuigawa kazi katika fani na maudhui, na maudhui katika dhamira, ujumbe, mtazamo na falsafa, ulienea nchini na ungali unatawala. Una faida zake. Umewawezesha maelfu ya vijana kuzungumza juu ya kitabu kwa mpangilio. Lakini umewafundisha pia kwamba kila ajabu lina tafsiri moja inayoweza kuandikwa katika mstari mmoja wa jibu. Kufikirika, iliyotoka katika miaka ya 1960 baada ya Shaaban Robert kufariki mwaka 1962, imesomwa katika kidato cha tano na cha sita kwa njia hiyo hiyo. Mfalme asiye na mtoto, waganga, watabiri na kafara ya binadamu vinakuwa orodha ya dhamira: ushirikina, uongozi mbaya, nafasi ya elimu. Mwanafunzi akimaliza kuandika orodha hiyo, nchi ya Kufikirika imekwisha kutoweka.

Paa asiyekamatika

Kezilahabi alikuwa amewazoesha wasomaji wake jambo jingine kabisa. Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) ziliwapa Ukerewe, shule, ulevi, vijiji vya ujamaa na kifo, katika lugha iliyo wazi. Kisha zikapita zaidi ya miaka kumi bila riwaya, na katikati ya kipindi hicho mwandishi akawasilisha tasnifu yake ya uzamivu huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Alipofungua mlango tena, ndani mlikuwa na msimulizi asiye na jina, mji ulionyamaza, paa anayefuatwa bila kukamatwa, wanafalsafa waliokufa zamani wakizungumza, na Ngoma Kuu.

Maoni ya kwanza yaliyoandikwa ni ya wasomaji wenye taaluma. K. W. Wamitila aliziendea riwaya hizo mbili kwa njia ya metafizikia. Mwenda Mbatiah, katika Mulika, alizungumzia mienendo mipya ya uandishi wa Kezilahabi. Mikhail Gromov aliuliza mwaka 1998 kama ni riwaya, ngano au kigano, swali ambalo kwa maoni yetu ndilo lililokaribia zaidi hali ya msomaji wa kawaida, kwa sababu lilikiri kwamba tatizo linaanza kabla ya maana: msomaji hajui ameshika kitu cha aina gani. Said A. M. Khamis aliandika mwaka 2003 juu ya mmeguko, usimulizi wa mdomo na uhalisia wa kimazingaombwe katika Nagona, na mwaka 2005 Lutz Diegner akailinganisha Nagona na Ziraili na Zirani ya William Mkufya, riwaya ya mwaka 1999 inayowapeleka wasomaji wake hadi peponi na jehanamu.

Jambo moja halijatiliwa mkazo wa kutosha. Baadhi ya wasomaji hawa walikuwa waandishi, na hawakutoa maoni yao katika makala peke yake. Wamitila aliyeichambua Nagona ndiye aliyeandika Bina-Adamu! (2002). Said Khamis ndiye Said Ahmed Mohamed wa Babu Alipofufuka (2001), ambamo marehemu anarudi na kumwongoza mjukuu wake, K, aone kile alichozoea kukifumbia macho. Riwaya hizi tunaweza kuzisoma kama maoni ya wasomaji juu ya Nagona, yaliyoandikwa kwa umbo la riwaya. Na maoni hayo, yakisomwa hivyo, yana jibu la wazi kwa malalamiko ya ugumu. Safari ya kuvuka dunia imebaki, wafu na viumbe wa ajabu wamebaki, lakini ufunguo umerudishwa. Babu ni dhamiri inayomshitaki kiongozi aliyeisaliti nchi. Katika Bina-Adamu! msafiri anapitishwa katika kijiji cha utandawazi akimtafuta P. P., na msomaji haoni shida kutambua ni mamlaka gani ya dunia yanayosutwa. Hata Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo Dzombo aliyehukumiwa kufa anarushwa kwa chombo na kufika katika sayari yenye haki, imeweka ufunguo ndani ya jina lake: wale ni sisi.

Haya si mapungufu. Babu Alipofufuka ni miongoni mwa riwaya bora za lugha hii. Lakini historia ya upokezi inatulazimu tuone kwamba mazungumzo kati ya kitabu na msomaji yalifanyika ndani ya chumba kimoja. Aliyeandika alihakikiwa na mwenzake wa chuo kikuu, na mwenzake akajibu kwa kuandika. "Msomaji wa kawaida" alitajwa kila mara katika chumba hicho, kama mtu anayesemewa.

Songwe na ngano isiyoulizwa ujumbe

Turudi basi kusini-magharibi. Mpaka unaopita kati ya Tunduma na Nakonde ni tunda la mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Uliwakuta Wanyamwanga upande huu na upande ule, na Wanyiha vivyo hivyo, nao ukawapa hatima mbili za kusoma. Mtoto wa Tunduma alifundishwa kwa Kiswahili na kwa njia hiyo akamrithi Shaaban Robert wa Tanga kama mwandishi wake. Binamu yake wa Nakonde alisomeshwa kwa Kiingereza na Kibemba, na lugha yake ya nyumbani haimo miongoni mwa lugha saba za kimikoa zinazotambuliwa na serikali ya Zambia. Ngano walizosimuliwa na bibi mmoja ziliingia katika shule mbili zisizojuana. Anayetaka mfano wa dunia sambamba hana haja ya kwenda angani. Kutoka Tunduma atavuka kwa miguu.

Ngano zenyewe ziliwahi kuandikwa. Mmisionari wa Kimoravian Traugott Bachmann, aliyefanya kazi Mbozi tangu mwaka 1899, alikusanya ngano za Wanyiha, zikachapishwa Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa jina la Nyiha-Märchen, katika jarida la wataalamu wa lugha za makoloni. Msomaji wao wa kwanza akawa mwanaisimu wa Ulaya aliyetafuta ngeli na viambishi. Ni aina nyingine ya ufunguo: ngano ikawa sarufi. Hapo napo wasikilizaji waliokaa motoni hawakuulizwa kitu.

Wasikilizaji hao walikuwa na desturi ambayo wahakiki wa Nagona wangefaidika nayo. Katika simulizi za jamii zetu nyingi, mtu huingia katika shimo akakuta kijiji, huolewa na zimwi akijua au asijue, hufuata mnyama hadi mahali pasipo na njia ya kurudia. Msikilizaji haambiwi zimwi ni nani katika siasa za nchi. Anaitikia, anaimba kiitikio, anauliza "ikawaje?", na kesho anaomba ngano ileile. Funzo likitolewa, aghalabu hutolewa mwishoni kwa sentensi moja, na watoto hulisahau kabla ya kulala. Wanachokumbuka ni shimo.

Khamis aliona usimulizi wa mdomo ndani ya Nagona na akauchambua kama mbinu ya mwandishi. Tunapendekeza kwenda hatua moja zaidi: usimulizi huo ni maagizo kwa msomaji. Paa anayefuatwa asikamatwe hataki kufasiriwa kabla ya kufuatwa. Kwa mtazamo huo, mwanafunzi wa Mbozi au Ileje aliyelelewa na ngano hakukosa maandalizi ya kuisoma Nagona. Alikuwa nayo alipoingia darasa la kwanza, na shule ikamfundisha kuyaweka kando kila anapofungua kitabu. Hukumu ya ugumu, tukiipeleleza hadi asili yake, inatoka zaidi katika karatasi ya mtihani kuliko katika upeo wa msomaji.

Hoja hii ina mpaka wake, na ni haki uonyeshwe. Wanafalsafa wa Ulaya wanaojitokeza katika Nagona, wakiwamo Plato na Nietzsche, hawamo katika ngano ya bibi yeyote, na msomaji asiyewajua atapoteza kitu. Lakini atapoteza kiasi gani? Msikilizaji wa Adili na Nduguze hakuhitaji kuijua Basra ya Alfu Lela Ulela ili amwogope Huria. Majina mageni ndani ya kisa yamekuwa sehemu ya fasihi ya Kiswahili tangu tenzi za kale, ambamo miji na majemadari wa Uarabuni walipita masikioni mwa watu wasiowahi kuwaona. Ugeni wa jina haukuwahi kuwa sababu ya kufunga kitabu mpaka jina hilo lilipowekwa katika swali la kujaza nafasi.

Kuna njia nyepesi ya kulijaribu dai hili, nayo haihitaji fedha nyingi. Nagona ni kitabu chembamba, hakifiki kurasa mia moja, na sehemu kubwa yake ni matembezi na mazungumzo. Mtafiti anaweza kukaa na wanafunzi wa kidato cha tano huko Vwawa jioni kadhaa, akawasomea kwa sauti bila kalamu wala daftari, akaandika maswali watakayouliza wao wenyewe, kwa Kiswahili au kwa lugha za nyumbani. Baadaye awape maswali ya kawaida ya dhamira na ujumbe juu ya kurasa zilezile, kisha aziweke karatasi hizo mbili pamoja.