Programu ikikwama, nani anadaka hitilafu?

Unatuma pesa kwa simu, mara programu inazima yenyewe. Mara nyingi kuna hitilafu imetokea ndani, na hakuna sehemu ya programu iliyoandaliwa kuipokea. Lugha nyingi za kuandikia programu leo zina utaratibu maalumu wa kuzidaka hitilafu kama hizo. Baadhi yake hazikuzaliwa nao, ziliongezewa baadaye.

Zamani ilikuwaje?

Katika lugha ya C, iliyoanza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, sehemu ya programu ikishindwa kazi hurudisha jibu fulani, kwa mfano namba, kuonyesha imeshindwa. Msanidi anatakiwa akague jibu hilo kila mara. Akisahau hata mara moja, programu inaendelea kana kwamba mambo ni shwari, kumbe faili halikufunguka.

C++ ikaongezewa udakaji

Bjarne Stroustrup, raia wa Denmark, alianza kuijenga C++ juu ya msingi wa C mwaka 1979. Mwanzoni haikuwa na udakaji wa hitilafu. Yeye na Andrew Koenig waliubuni utaratibu huo na kuchapisha muundo wake mwaka 1990. Kiwango rasmi cha kimataifa cha C++ kilichotoka 1998 kinao.

Unafanya kazi hivi: msimbo wenye hatari huwekwa chini ya neno "try", yaani jaribu. Tatizo likitokea, hitilafu hurushwa kama mpira. Programu huacha ilichokuwa ikifanya na kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi ikute "catch", yaani daka, inayoifaa hitilafu hiyo. Isipopatikana, programu husimama.

Ugumu uko wapi?

Kuongeza maneno mapya ni rahisi. Shida ni kile kinachoachwa njiani hitilafu inaporushwa: faili lililofunguliwa, kumbukumbu iliyokopwa, au hesabu iliyofika nusu. C++ husafisha njia yenyewe, ila kwa vitu vilivyoandikwa kufuata utaratibu wake. Msimbo wa zamani ulioandikwa bila kutarajia hitilafu kurushwa unaweza kuacha mambo nusunusu.

Roketi iliyopotea

Utaratibu peke yake hautoshi. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Kompyuta zake za kupima mwelekeo zilitumia programu ya Ariane 4, iliyoandikwa kwa Ada, lugha yenye udakaji wa hitilafu.

Namba moja ilizidi 32,767, kikomo cha nafasi iliyotengewa. Ada ikarusha hitilafu, lakini hakuna aliyeandika cha kufanya kwa namba hiyo. Uchunguzi ulionyesha namba 7 zilikuwa hatarini, 4 zikawekewa kinga na 3 zikaachwa ili kompyuta isielemewe. Kompyuta ya akiba ilizima, na ile kuu ikafuata kwa sababu ileile. Roketi ilipinda ikavunjika sekunde 40 hivi tangu safari ianze, pamoja na setilaiti 4 ilizobeba.

Wengine wamefanyaje?

PHP, inayoendesha tovuti nyingi, ilipata "try" na "catch" katika toleo la 5 mwaka 2004. Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, iliamua kutofuata njia hiyo. Humo hitilafu hurudishwa kama jibu la kawaida, na msanidi huikagua palepale.

Kwa vyovyote vile, kuna kosa linalojirudia: msanidi anadaka hitilafu kisha ananyamaza. Programu haizimi, ila mtumiaji hajui kama pesa zimefika. Hitilafu ikidakwa vizuri, ujumbe unaeleza wazi: muamala haujakamilika, pesa hazijakatwa, jaribu tena.