Kaya na Kitulo: Ngome za Mimea Asilia

Ukitoka Junju, katika pwani ya Kenya, kuelekea bara, utafika kwenye misitu ya kaya (makazi ya kale) za Wamijikenda, zikiwemo Kauma na Jibana. Miiko ya wazee ilikataza kukata miti, na mimea adimu ikanusurika huku misitu jirani ikifyekwa.

Kuanzia 1992 serikali ya Kenya ilizitangaza kaya nyingi kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008, UNESCO iliziingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia.

Tanzania nayo ililinda nyasi za milimani za Kitulo kwa kuzifanya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Viazi vya okidi zake vilikuwa vikichimbwa na kuuzwa Zambia kama chakula.

Mgeni, ingia kaya kwa idhini ya wazee. Usikate wala kuchuma chochote.