Alama za Vidole na Jina la Henry
Ukisoma riwaya za upelelezi utadhani utaalamu wa alama za vidole ulizaliwa London. Wapi! Calcutta, India, ilikuwa na ofisi yake mwaka 1897, miaka minne kabla ya Scotland Yard. Waliokuna vichwa ni Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Haque alipata hesabu ya kupanga kadi katika vidaka 1,024, ili karani asipekue maelfu akimtafuta mtu mmoja. Mfumo ukaitwa wa Henry, yaani bosi wao Mwingereza.

Kenya ya kikoloni, alama hizo zilitumika kwenye kipande: mwanaume Mwafrika, hata asiye na kosa lolote, alipakwa wino vidoleni, kisha akatembea na karatasi hiyo shingoni ndani ya kikebe.