Maji ya Malambo na Elimu ya Saratani

John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui huko Shinyanga mwaka 1940, alikuwa na shahada ya uzamivu katika elimu ya miamba kutoka Chuo Kikuu cha McGill; akafariki mwaka 1958, umri wake miaka 50, kwa saratani ya koo ambayo mali yake yote haikuweza kumkomboa nayo. Mauti yake yalitangazwa duniani. Ile saratani ya kibofu iliyowaua wanakijiji wa Usukuma haikutangazwa, nayo asili yake ilikuwa majini, katika malambo waliyoteka kila kukicha.

Asili hiyo ni mnyoo wa kichocho, aliyegunduliwa Kairo na tabibu Theodor Bilharz mwaka 1851. Mwaka 1911 mtafiti Ferguson, huko huko Misri, akamhusisha na saratani ya kibofu, na mwaka 1994 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulioko Lyon ukamthibitisha kuwa ni msababishi. Shinyanga mvua ni haba, na mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947 ulizidisha malambo kwa ajili ya watu na mifugo, jambo la heri lisilokanushika. Lakini konokono ambebaye mnyoo huyo, ambaye hulala kiangazi kizima ndani ya tope lililokauka na kuamka mvua zinyeshapo, naye alipata makao mapya. Geita, kandokando ya ziwa, hutawala kichocho cha matumbo. Hiki cha kibofu ni cha bara, cha malambo na majaruba ya mpunga.

Wagonjwa wa saratani hiyo aghalabu hupelekwa Mwanza, hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na kupata chuo cha utabibu mwaka 2003. Mwaka 2013 wataalamu wa hapo walichapisha habari za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu: wanawake 95 na wanaume 90, ilhali Ulaya maradhi haya huwaandama zaidi wanaume. Mimi sishangai, maana ndoo ya maji iko kichwani mwa nani? Katika wagonjwa 83 mayai ya kichocho yalionekana dhahiri: kipande cha nyama huzamishwa katika nta, hukatwa chembamba kupita karatasi, hutiwa rangi ya waridi na zambarau, kisha chini ya hadubini hutokea yai refu lenye mwiba mmoja mkiani, limekwama ndani ya nyama kwa miaka, na seli zimelizingira zikijaribu kuponya jeraha lisilopona.

Walakini wengi walioambukizwa hawapati saratani abadan. Ni lipi linaloharibika ndani ya seli za huyu, na kwa jirani yake aliyeteka lambo lile lile lisiharibike? Mwenye kuitafuta shahada ya uzamivu katika elimu hii ana swali la kumtosha miaka yake yote, na vipande vya nta vimekwisha kupangwa kabatini Bugando, kila kimoja na nambari yake.