Nani Alisema Mukono Usiinuliwe? Historia Fupi ya Mazoezi Baada ya Kansa



Mimi nilisoma historia, si udaktari. Naomba mulikumbuke hilo mpaka mwisho. Lakini sisi watu wa historia tuko na ugonjwa wetu: tukisikia amri, tunauliza ilitoka wapi, na nani aliisema kwanza. Leo nawaletea historia ya amri moja tu. Iliingia mu nyumba yetu mwaka 2021, na mimi mwenyewe ndiye niliyeisimamia.

Mwaka ule mama mukubwa alipasuliwa kansa ya titi, upande wa kuume. Kansere, kama tunavyosema kwetu Bukavu. Walitoa titi lote na matezi ya kwapani. Siku ya kutoka hospitali tulipewa dawa, tarehe ya kurudi, na neno moja la kusindikiza: "Huu mukono usibebe kitu tena. Usiuinue, usiuchokeshe. Mama apumzike tu."

Kwa kuwa ni mimi musomi wa familia, nililishika neno lile kama sheria. Nilikataza ndoo ya maji. Nilikataza kinu cha sombe. Hata ufagio nilimunyang'anya. Mama mukubwa alikuwa fundi wa nguo, na mashini yake ya kushona ilikuwa ile ya kukanyaga, ambayo mukono wa kuume unazungusha gurudumu. Tuliiuza. Tulisema pesa itasaidia safari za kwenda Kigali kwa matibabu ya mionzi, na kweli ilisaidia. Lakini tuliiuza pia kwa sababu tuliamini hataigusa tena.

Miaka miwili baadaye, bega lilikuwa limekauka. Hakuweza kufunga kitambaa cha kichwa. Hakuweza kuvaa bluzi bila binti yake kumusaidia. Usiku hakupata usingizi, na muchana alichoka hata kama hakufanya kitu. Siku moja alinitazama akasema: "Mwanangu, kansere ilinikata titi tu. Huu mukono ni nyinyi mulinikata."

Sikuwa na jibu. Ndipo nilianza kutafuta.

Nilikuta kwamba sehemu kubwa ya habari hii inaanzia Marekani. Mwaka 1894 munganga William Halsted, wa hospitali ya Johns Hopkins muji wa Baltimore, alitangaza matokeo ya wagonjwa 50 wa kansa ya titi. Njia yake ilikuwa kali: kutoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na matezi ya kwapani, vyote kwa pamoja. Tusimuhukumu haraka. Wakati ule wanawake wengi walifika wakiwa na uvimbe mukubwa, na hakukuwa na dawa za kemo. Njia yake ikaenea, ikawa ndiyo desturi kwa miongo mingi.

Lakini mwanamuke aliyepona alibaki na kifua cha mifupa na mukono unaovimba. Sababu yake si uchawi. Ndani ya mwili kuko maji yanayoitwa limfu, ambayo yanapitia matezi. Ukitoa matezi ya kwapa, ni kama kuziba muferezi: maji yanakosa njia, mukono unajaa. Halsted mwenyewe aliliandikia jambo hilo mwaka 1921, akaliita matende ya upasuaji. Kwa maoni yangu, muzizi wa amri yetu uko hapo. Mukono unavimba, hauna dawa, basi tuufungie kabatini kama sahani ya wageni.

Mumoja wa walioitikisa amri hiyo waziwazi hakuwa munganga. Alikuwa mugonjwa. Mwaka 1952, mu New York, mama mumoja jina lake Terese Lasser alitolewa titi. Alikuwa na maswali mengi: nitavaa nini, nitainuaje mukono, nitaishije na bwana yangu? Hakupata wa kumujibu. Akajitafutia mwenyewe. Alijifunza kupandisha vidole juu ya ukuta kidogo kidogo, kama buibui, kila siku juu zaidi. Alitumia kamba, alitumia mupira mudogo. Halafu akaanza kuzunguka hospitali kutembelea wanawake waliopasuliwa, akiwapelekea mupira na kamba. Wanganga wengine walimufukuza, kwani nani alimutuma? Hakuacha. Kazi yake ikaitwa Reach to Recovery, na mwaka 1969 shirika la kansa la Marekani likaipokea kuwa yake.

Muone jambo hilo, wandugu. Lile zoezi la ukuta ambalo kinesi anafundisha leo, mugonjwa alikuwa analipeleka kitanda kwa kitanda bila ruhusa ya munganga.

Upasuaji nao ukabadilika. Mwaka 1971 Bernard Fisher wa Pittsburgh alianza uchunguzi mukubwa wa kulinganisha njia ya Halsted na njia nyepesi. Mu Italia, Umberto Veronesi alifanya kazi ya namna hiyo, akatoa matokeo mwaka 1981. Mwaka 1985 kundi la Fisher likatangaza tena: kwa kansa iliyogunduliwa mapema, kutoa uvimbe peke yake na kuongeza mionzi kunamuacha mwanamuke na maisha marefu sawasawa na kutoa titi lote. Kisu kikapungua. Lakini ile amri ya mukono ikabaki palepale, hata kwa wanawake ambao misuli yao haikuguswa.

Na kuhusu uchovu? Dawa za kemo zilipoenea, neno lilikuwa lilelile: pumzika. Mu miaka ya 1980, mu chuo kikuu cha Ohio State, wauguzi wawili watafiti, Mary MacVicar na Maryl Winningham, walifanya jambo ambalo lilionekana kama ukatili. Wanawake waliokuwa wanapata kemo waliwapandisha juu ya baiskeli isiyotembea, mara 3 kwa juma, kwa majuma 10. Matokeo ya wanawake 45 yalitoka mwaka 1989: waliokanyaga baiskeli walipata nguvu zaidi kuliko wale waliokaa. Maana mwili unaolala unapoteza misuli, na mwenye misuli michache anachoka upesi, halafu anaambiwa alale tena. Mama mukubwa alizunguka mu duara hilo miaka miwili.

Mwaka 1996, mu Vancouver, Kanada, munganga wa michezo Don McKenzie aliamua kuijaribu amri yenyewe. Alichukua wanawake 24 waliopata kansa ya titi, akawafanyisha mazoezi ya kuongeza nguvu polepole, kisha akawaingiza mu mutumbwi murefu wa mutindo wa Kichina kupiga makasia. Kupiga kasia ni kazi ya mikono na mabega, tena bila kupumzika. Sisi watu wa ziwa Kivu tunaielewa bila maelezo. Ilikuwa ndiyo kazi waliyokatazwa kabisa. Aliandika mwaka 1998: hakuna aliyepata uvimbe mupya wa mukono, na waliokuwa nao haukuzidi.

Kisha mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake walitoa uchunguzi wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari inavimba. Nusu waliinua vyuma mara 2 kwa juma, wakianza na vizito vidogo sana, wakisimamiwa, wakivaa soksi ya mukono inayobana. Mwaka ulipoisha uvimbe wao haukuwa umeongezeka kuliko wa wenzao, na hata wale ambao mukono uliwazidia kwa ghafula walikuwa wachache zaidi: 14 kwa 100, na upande ule mwingine 29 kwa 100. Tangu Halsted ilikuwa imepita zaidi ya miaka 110.

Sasa yoga inaingia wapi? Najua mu makanisa yetu neno hilo linatisha, na sitaki kuficha kitu: yoga ina mizizi mu dini za India. Lakini huko India kwenyewe, mwaka 1924, Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha Kaivalyadhama mu muji wa Lonavla ili kuipima yoga kwa vyombo vya sayansi: pumzi, moyo, damu. Kutoka hapo njia ilifunguka ya kutazama yoga kama jambo linaloweza kupimwa. Hospitali zilichukua sehemu ile ya upole: kupumua polepole, kujinyosha ukiwa umekaa juu ya kiti, kulegeza mwili. Mwaka 2004 mu Houston, wagonjwa 39 wa kansa ya matezi walijaribu yoga ya Tibet kwa majuma 7. Walilala vizuri zaidi. Wasiwasi wao haukupungua kuliko wa wengine, na waliandika hivyo bila aibu, ndiyo sababu ninawaamini. Mwaka 2013 Karen Mustian wa Rochester akaja na watu 410 waliomaliza matibabu: mara 2 kwa juma, majuma 4, na usingizi wao ukawa bora tena.

Tusidanganyane: yoga haiponyeshi kansa. Anayekuambia uache kemo ufanye yoga, mukimbie. Lakini mwaka 2025 kulitoka habari nzito kuhusu mazoezi kwa jumla. Watu 889 wenye kansa ya utumbo mupana, waliomaliza upasuaji na kemo, walifuatiliwa. Kundi moja lilipewa maandishi ya ushauri tu, lingine likapewa mutu wa kulisimamia mu mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 5, mu kundi la mazoezi watu 80 kwa 100 walikuwa hai bila kansa kurudi wala nyingine kutokea. Mu kundi la maandishi walikuwa 74.

Nirudi nyumbani. Mwaka 2024 nilimupeleka mama mukubwa kwa kinesi mumoja kijana. Alimupima bega, akauliza kwanza kama mifupa inauma usiku, kama kuko homa, kama kidonda kilifunga vizuri. Musiruke hatua hiyo, maana kansa ikiingia mu mifupa, zoezi baya linaweza kuuvunja. Aliposikia neno yoga, mama mukubwa, mama wa kanisa, alikunja uso: "Hiyo ya Wahindi hapana." Kijana akacheka: "Basi mama, tuite kupumua na kujinyosha." Wakakubaliana.

Asubuhi anakaa juu ya kiti, anavuta pumzi, anainua mikono yote miwili pole, ule muzima ukimusaidia ule mugonjwa. Kisha anasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda. Pale vinapofika, mujukuu anapiga alama ya chaki. Jioni anatembea kwenye mulima wetu, anapumzika, anaendelea. Hakuna pesa inayotoka hapo, isipokuwa chaki.

Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kifua. Ya sasa imepita kichwa chake kidogo. Kinesi alisema wazi kwamba bega halitarudi lote, tulichelewa. Nilimuomba mama mukubwa samahani. Alinyamaza muda, halafu akaniuliza mashini ya kushona inauzwa bei gani siku hizi. Tunaichangia.

Ndugu zangu, mu shirika letu kuko wauguzi, wanganga, makinesi. Sikuandika ili kuwashitaki. Neno lile mulifundishwa, na waliowafundisha walifundishwa pia. Lakini siku mugonjwa anatoka, mumuongezee sentensi moja: anze lini kusogeza mukono, namna gani, na nani wa kumutazama. Nasi wengine, tusiojua dawa, tusiharakishe kumunyang'anya mutu ufagio wake kwa sababu ya upendo. Kwanza tuulize.