Mlango wa xmlrpc.php

Kwa siku tatu nilikuwa nikiangalia rekodi za seva ya mteja wangu na kumwambia, "Tulia boss, ni maombi machache tu." Yalikuwa kama mia mbili kwa siku, yote yakilenga faili moja, xmlrpc.php. Siku ya nne mtu alikuwa ameingia kwa nywila yake.

Ilibidi nirudi nyuma hadi 1998, Dave Winer alipobuni XML-RPC pamoja na watu wa Microsoft: programu moja inaiagiza nyingine iliyo mbali ifanye kazi, kwa ujumbe unaopita kwenye HTTP kama ukurasa wowote. WordPress iliipokea ili watu waandike makala bila kufungua tovuti yenyewe. Mwaka 2008, toleo la 2.6, tovuti mpya zilikuja na mlango huo umefungwa. Desemba 2012, toleo la 3.5, ukafunguliwa kwa wote, na swichi yake ikaondolewa kwenye mipangilio. Simu zilikuwa zimeshika, kila mtu akitaka kuchapisha akiwa kwenye matatu. Hapo naelewa. Kuondoa swichi, hapana.

Machi 2014 Sucuri iliripoti tovuti zaidi ya 162,000 za WordPress zilizotumiwa kuishambulia tovuti moja kupitia mlango huo.

Lakini kilichonipata mimi ni system.multicall, ambayo hupakia maagizo mengi ndani ya ombi moja, kama abiria. Kila agizo hubeba jina na nywila yake. Kwa hivyo ombi moja lingeweza kujaribu mamia ya nywila, na rekodi ikaandika mstari mmoja tu. Mimi nilikuwa nahesabu magari, sio abiria. Hata kile kizuizi changu cha "ukikosea mara tano unafungiwa" kililinda ukurasa wa kuingilia peke yake.

Shambulio la aina hii lilijulikana Oktoba 2015. Desemba hiyo, toleo la 4.4 likalitibu: nywila ya kwanza ikikataliwa, zingine zote ndani ya ombi hilo zinakataliwa pia. Mteja wangu alikuwa bado kwenye 4.2. Mimi ndiye niliyemwambia tusiiguse, ati muonekano wa tovuti utaharibika.

Nikasasisha, nikabadilisha nywila, nikaifungia ile faili kwenye seva. Jioni akanipigia: mbona app yake haichapishi picha tena?