Ndoa na maradhi ya akili katika tamthilia ya Kiswahili

Hii ni mada ya jukwaani yenye mizizi hata Ukaguru, eneo la Tanzania penye mji wa Gairo. Mwandishi wa tamthilia Penina Muhando, aliyezaliwa huko Ukaguru, Berega, mwaka 1948, aliiweka ndoa inayovunjika mbele ya watazamaji katika *Talaka si Mke Wangu*. Kuhusu maradhi ya akili, mwandishi mwenzake Ebrahim Hussein, katika *Mashetani* (1971), alimwandika Kitaru, kijana msomi anayeugua akili. Huo ndio mchezo mzito kuliko yote katika mada hii, kwa kuwa Hussein hamfanyi mgonjwa kichekesho, bali anatuonyesha historia inayomlemea.  Kwa mfano huo, waandishi wa vichekesho nao wamheshimu mgonjwa na mwenzi anayemuuguza.